Kofia ya Shaali Iliyokwenda Kulia na Kushoto

Hapo zamani, tena si za mbali, simu zilikuwa zishaota macho, aliishi Wete Bi Thelatha, fundi wa kofia za mkono. Nakshi ya majani yatambaayo akiijua yeye peke yake. Akatangaza: "Atakayeifikisha kofia hii kichwani kwa mjukuu wangu Shaali, nampa kastabani yangu, ninayoivaa kidoleni sindano isinichome. Na watoto wa mtaa atawafundisha yeye." Kisha huyoo, akapelekwa kufanyiwa operesheni ya macho, kofia imefika nusu, na harusi ya Shaali Ijumaa!

Wajukuu wa kike walikuwa watatu. Kibibi hajui hata kutunga uzi, lakini alikuwa keshairekodi mikono ya bibi kwa simu. Arafa akaitazama video, akashona, akaitazama, akashona, wali ukaungua jikoni. Sihaba, aliyejifunza kudarizi maua miaka mingi miguuni pa bibi, akasusa. "Sanaa haifunzwi na kioo! Shoneni, tuone."

Wakaona! Ijumaa asubuhi bibi karudi, macho yamefungwa bendeji. Akaipapasa kofia. "Yarabi! Nusu yangu inakwenda kulia, hii inakwenda kushoto! Mbele majani yanapigana vichwa, nyuma yanapeana mgongo!" Kumbe Kibibi alirekodi kwa kamera ya kujipigia selfi, ile inayogeuza kulia kuwa kushoto. Arafa akaangua kilio. Na bwana harusi keshavaa kanzu, kichwa wazi: "Jamani, nikaoe na taulo?"

Hapo Sihaba akasahau kususa. Akanyakua sindano, akadarizi ua la asumini pale majani yalipogongana, na jingine kule yalikopeana mgongo. We! Utadhani ilikusudiwa tangu mwanzo. Vigelegele! Shaali akaoa, na wageni wote wakataka kofia kama ile.

Bibi akainua kastabani.

"Yangu," akasema Kibibi. "Bila video yangu mngeshona nini, hewa?"

"Nusu kofia nimeshona mimi," akasema Arafa. "Vidole hivi vina matundu mengi kuliko kofia yenyewe!"

"Na angeivaa nani, kama si maua yangu?" akasema Sihaba.

"Wewe ulisusa!" akadakia Kibibi.

"Na wewe ulipindua video!" akarudisha Sihaba.

Bibi akacheka mpaka bendeji ikalegea. Uani watoto wa mtaa wameshakaa mkekani, kila mmoja na sindano yake, wanamngoja mwalimu.

Haya, msinitazame mimi, mimi nilikwenda kula pilau tu. Kastabani ni moja, haikatwi vipande. Je, nani alistahili kuivaa?