Kamera Yenye Picha Nane Ndani

Wapendwa, nisikilizeni, na wewe uliyeegemea nguzo usilale kwanza. Alikuwepo mpiga picha mmoja katika mji wa baridi kule nyanda za juu, mwenye studio ndogo ya harusi, ubatizo na pasipoti. Jina lake tuliache, maana mkilisikia mtaanza kuangaliana. Kazi yake aliijua vizuri, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: haamini. Akinunua nyanya, anazigeuza zote. Mkewe akisema chakula tayari, anafunua sufuria kwanza.

Siku moja akasikia kwamba mjane mmoja, mwalimu mstaafu, anauza kamera. Si hizi za kisasa. Ni ya mkanda, tena ule mkanda mpana wa vidole vitatu, unaotoa picha kumi na mbili tu ukaisha. Lakini ukiikunja inaingia mfuko wa koti, na picha zake, jamani, unahesabu kope za bibi harusi! Mpiga picha alikuwa ameitamani tangu ujana. Shida ilikuwa bei. Bei ya pikipiki, tena mpya.

Akaenda, huku moyoni anasema: kitu kidogo hivi, bei kubwa hivi, hapa kuna jambo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Karibu uketi.”

Akaigeuza ile kamera juu chini. Akaitikisa karibu na sikio. Akainusa. Hakuona kasoro, na kutoona kasoro kukamzidishia wasiwasi.

“Mama, kwa nini unaiuza?”

“Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Mimi hata kuikunja siwezi.”

“Na bei hii nani alikupangia?”

“Niliipanga mwenyewe.”

Ahaa, akawaza, kuikunja hawezi, ila bei anaijua!

Yule mama akasema, “Nenda nayo wiki nzima uijaribu. Ila ndani mna mkanda. Marehemu alipiga picha nane, zimebaki nne. Hizo nne zipige wewe, kisha usafishe mkanda uniletee zangu. Nakuomba tu, baba, usiifungue kabla mkanda haujaisha.”

Hebu niambieni: mtu akikupa mali ya bei hiyo bila kukuomba hata kitambulisho, utafurahi au utashtuka? Yeye alishtuka. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake. Labda ni ya wizi. Labda nikirudi atasema nimeiharibu, anidai. Na kwa nini nisiifungue? Huko ndani kuna nini anachokificha?

Picha nne, wapendwa! Mtu anazimaliza kati ya mlango huu na geti lile.

Akafika studio mchana, mlango wazi, jua limeingia mpaka kwenye kaunta. Na alijua. Hilo ndilo linaloniuma, alijua kuliko sisi wote humu kwamba mkanda ukipigwa na mwanga kabla haujasafishwa, picha zake zote zimekwenda. Lakini alikwisha kujiaminisha kwamba hakuna mkanda wowote, ni hila ya kuficha kutu. Akabonyeza kitasa, mgongo wa kamera ukafunguka.

Mkanda ulikuwamo. Angefunga hapo hapo, pengine angeokoa kidogo. Hapana! Akasema huenda ni mkanda mtupu, umewekwa kunizuga. Akauvuta wote mpaka ukalala juu ya kaunta, juani. Hakuona kitu, kwa sababu mkanda usiosafishwa hauonyeshi kitu kwa macho. Akachungulia ndani ya kamera. Kutu hakuna, tundu hakuna, safi kama kikombe cha ushirika. Hapo ndipo alipougeukia ule mkanda juani.

Siku iliyofuata alirudi kwa yule mama na hela yote mkononi.

“Mama, kamera ni nzima. Naichukua kwa bei yako.”

“Na picha zangu?”

Akatazama sakafu. “Niliifungua, mama. Nilitaka kuhakikisha.”

Mama akakaa polepole. Akasema, “Mume wangu alipiga kila mtu wa mtaa huu, mpaka ng’ombe wao. Lakini tangu siku ya harusi mimi na yeye hatukuwa na picha ya pamoja, maana yeye ndiye aliyekuwa anaishika kamera. Wiki yake ya mwisho akaiweka juu ya ukuta ijipige yenyewe, akaja akakaa kando yangu. Ndiyo hiyo ya nane.”

Kisha akamwambia, “Bei ile niliiweka kubwa makusudi. Nilisema, atakayekuja kwa bei hiyo atakuwa mtu anayejua kamera. Na anayejua, hataifungua.”

Mpiga picha alitaka kujua kama kamera inastahili bei yake. Jibu alilipata, ila alililipia kwa mali ya mtu mwingine.

Na sisi? Msiniambie matapeli wapo. Najua wapo, mimi mchungaji wenu nimeuziwa kipande cha sabuni kwenye boksi la simu. Kagua, uliza, nusa ukitaka. Lakini kuna mahali mtu amekuomba kitu kimoja tu, usubiri, na wewe mkono tayari uko kwenye kitasa. Wewe baba unayepekua simu ya mkeo akiwa anaoga. Wewe mama unayemwaga begi la dada wa kazi mbele ya watoto kila anapoomba ruhusa. Umekuta nini mpaka leo? Hukukuta kitu, ukafunga begi, ukasema afadhali nimehakikisha. Yule binti aliokota nguo zake sakafuni, na kuna kitu kikafutika ndani yake palepale mbele yako, wala hukukiona.

Tutasema tulikuwa waangalifu. Hata yeye alisema hivyo, na mkanda ulikuwa umebakiza picha nne tu. Nakuuliza wewe, mkono wako leo uko kwenye kitasa cha nani? Uondoe, ndugu yangu. Uondoe kwanza, ndipo tusimame tuombe.