Kwa Nini Msumari Hubaki na Pini Moja

Acheni kuutikisa huo msumari, mtamwaibisha Chuma mwenyewe bure. Betri mmeshaitoa kwenye waya wa shaba mliouzungusha, naona, na pini moja bado inaning'inia. Sikilizeni kwanza.

Zamani Chuma hakuwa na uwezo wa kushika hata kijipini. Nyumbani kwake walijaa watu, lakini kila mmoja alitazama upande wake, huyu ukutani, yule dirishani. Na balaa ni kwamba dada yake alifariki akamwachia wanawe, Pini, wembamba wale, wakitawanyika ovyo kwa kila upepo. Ukoo ukasema asipowakusanya kufikia siku ya kikao, watapelekwa kwa Gundi. Gundi mnamjua. Akikushika hakuachii mpaka ngozi itoke.

Chuma alihangaika weee! Ndipo shemeji yake, Shaba, akamletea mgeni aitwaye Umeme. Shaba alimzungushia Chuma mikono yake mirefu, Umeme akapita humo, na watu wote wa nyumba wakageuka kumtazama mgeni, upande mmoja. Lo! Pini wakaja mbio, wakamng'ang'ania mjomba wao.

Siku ya kikao kichwa kikamvimba Chuma. "Nguvu zangu hizi," alisema, na Umeme yupo palepale anamsikia. Mgeni alipoaga, Chuma hakuinuka. Alipunga mkono tu kama anayefukuza nzi, akaendelea kujisifu. Jamani, mgeni hasindikizwi? Hata mpaka mlangoni?

Umeme akaondoka. Watu wa nyumba wakarudi kila mmoja kwenye shughuli zake. Pini wakaporomoka chini, mmoja baada ya mwingine, mbele ya wazee na wakwe. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Uso ulimshuka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alikimbia mlangoni. Umeme mnaujua mwendo wake. Hata vumbi hakuacha. Shaba alikuwa amesimama pale peke yake.

"Alisema nini?" Chuma aliuliza.

"Hakusema kitu, shemeji. Aligeuka akatazama nyuma, basi."

Chuma akabaki palepale, na baadhi ya watu wake waliomfuata wakasimama naye, wakitazama kule alikoelekea mgeni, wasiweze kugeuza nyuso kwa aibu. Huko ndani Gundi alikuwa akiwazoa Pini. Alipokwisha kuondoka nao, Chuma alihisi kitu kisiginoni. Alikuwa kitinda mimba wa Pini, bado amemshika.

Na tangu siku hiyo, Umeme akiondoka, Chuma hawi mwepesi wa kugeuka. Pini wengi humdondoka, lakini mmoja au wawili hubaki. Ukimgonga nyundo au kumtia motoni atawaachia, maana hapo hata aibu humtoka mtu. Lakini msimgonge. Hiyo mnayoiona si nguvu. Bado yuko mlangoni, anamsindikiza mgeni aliyekwisha kufika kwao.