Mzigo wa Kitu Kimoja

Hapo zamani, kabla mabomba hayajapanda milimani kwetu, palikuwa na kijiji kiitwacho Mrambeni, na kijiji kizima kilitegemea mfereji mmoja. Mfereji huo ulianzia juu kabisa, kwenye chemchemi iliyokuwa ndani ya msitu wa ukungu, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Ulishuka ukiuzunguka mlima mpaka kwenye ndiva, bwawa dogo lililojengwa kwa mawe ili maji yakusanyike humo usiku na asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani.

Maji ya ndiva yaligawanywa na watu saba walioketi kwenye vigoda saba. Wakisema leo maji ni ya shamba fulani, basi ni ya shamba hilo. Mwaka huo kigoda kimoja kilikuwa kitupu, maana mwenye nacho alikuwa amefariki. Na kigoda cha ndiva hakikurithiwa. Kilichukuliwa na mtu aliyekwenda kulala juu, kwenye chemchemi, kwa mara ya kwanza, akaufungua mfereji, akashuka pamoja na maji. Tangu kijiji kianze, hakuna mwanamke aliyekuwa amekikalia.

Basi, mahindi yalipofika magotini, maji yakakatika. Siku ya kwanza watu wakasema yatarudi. Siku ya tatu majani ya mahindi yakajikunja. Siku ya tano matope ya ndiva yakapasuka, na watoto wakawa wanacheza ndani yake. Vijana wa kiume walikuwa wameshuka tambarare na ng'ombe kutafuta malisho. Waliobaki walikuwa wazee, na magoti yao yalikuwa yamekwisha kuukataa mlima.

Wakasimama wasichana watatu. Wa kwanza alikuwa Nakunda, binti wa mfinyanzi. Wa pili alikuwa Mbonea, mkata kuni, ambaye mikono yake ilikuwa migumu kama mpini. Wa tatu alikuwa Kaanaeli, mdogo wao kwa umri, mwembamba, anayeona baridi hata jua likiwaka. Kati yao hakuna aliyewahi kulala nje ya nyumba ya mama yake.

"Tutakwenda sisi," walisema.

Mzee Mgonja, msimamizi wa mfereji, aliwatazama akacheka mpaka akakohoa. "Nyinyi? Mtarudi kabla ugali haujaiva."

"Basi utusongee mkubwa, babu," alisema Nakunda, "maana tutarudi na njaa."

Mzee akaacha kucheka. Akawasomea sharti la wanaokwenda kulala juu kwa mara ya kwanza. Kila mtu angevaa nguo zake na kufunga unga wa siku tatu kwenye pindo. Zaidi ya hapo, kila mtu angebeba kitu kimoja tu. Si viwili. Na asimwambie mwenzake amebeba nini mpaka wafike kwenye chemchemi.

"Kwa nini tusiambiane?" aliuliza Kaanaeli.

"Kwa sababu mkiambiana, mmoja atafikiri na wawili watafuata. Kijiji kinataka kujua akili ya kila mmoja."

Wakaenda kila mtu kwao kuchagua.

Nakunda alisimama mbele ya jembe la baba yake. Akalishika, akaliacha. Akajisemea, "Jembe atabeba Mbonea, kwao yako manne." Akachukua chungu. Mtu hawezi kula unga mkavu siku tatu.

Mbonea alisimama mbele ya mafiga ya mama yake, makaa yakimtazama. Akasema, "Moto atabeba Nakunda. Kwa mfinyanzi moto hauzimiki." Akachukua panga. Njia ya juu ilikuwa imefungwa na miiba mwaka mzima.

Kaanaeli hakusimama sana. Akasema, "Wale wakubwa watabeba jembe na moto, hilo halina shaka." Akakunja ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akilalia.

Mama yake akashika kiuno. "Ngozi? Unakwenda kazini au unakwenda kulala?"

"Mama, si wamesema tunakwenda kulala juu?"

Wakapanda. Kila mmoja alikuwa amefunga mzigo wake kwenye majani ya mgomba usionekane. Walitembea tangu alfajiri, na mahali palipofungwa na miiba Mbonea alilazimika kufunua panga lake, akafyeka, akalifunga tena kama vile hakuna aliyeliona. Alasiri wakafika. Wakaona kilichoyakata maji. Mlima ulikuwa umeporomoka, na jiwe kubwa kama zizi la mbuzi lilikuwa limeanguka mdomoni mwa mfereji, likabanwa na majabali mawili, moja huku na moja huku. Maji ya chemchemi yalilipiga, yakageuka, yakamwagikia bondeni upande wa pili, ambako hakuna shamba la mtu.

"Haya, tufungue mizigo," alisema Nakunda. "Mbonea, toa jembe."

"Jembe gani?"

"Si kwenu yako manne!"

"Nimebeba panga, umeliona. Wewe toa moto."

"Moto gani? Nimebeba chungu."

"Binti wa mfinyanzi umekuja bila moto? Chungu hicho tukiinjike juani?"

Wote wawili wakamgeukia Kaanaeli. Kaanaeli akafungua majani polepole. Ngozi ikalala chini, na manyoya yake mekundu yakasimama kwa upepo.

Kisha Mbonea akacheka, na Nakunda akacheka, na Kaanaeli mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Hawakuwa na jembe. Hawakuwa na moto. Walikuwa na chungu, panga na ngozi, na ukungu ulikuwa umeanza kudondoka kama mvua ndogo.

"Turudi?" aliuliza Kaanaeli.

"Kwa nani?" alisema Mbonea. "Kwa Mzee Mgonja na ugali wake? Mimi sirudi."

Akachukua panga. Akapasua mti mkavu uliokufa ukiwa umesimama, akafika kwenye moyo wake ambako maji hayajaingia. Akachonga ubao, akachonga kijiti, akaanza kupekecha. Akapekecha mpaka viganja vikatoa malengelenge. Akapekecha mpaka malengelenge yakapasuka. Moshi ukatoka, cheche ikatoka, na tone moja la ukungu likaanguka juu ya cheche. Ikafa. Akaanza upya. Cheche ikatoka, tone likaanguka, ikafa.

Mara ya tatu Kaanaeli alisimama, akaishika ngozi yake kwa mikono miwili juu ya mwenzake. Cheche ikatoka. Tone likaanguka kwenye ngozi. Cheche ikaishi.

Wakapata moto. Lakini ukungu haukukoma, na ngozi ilikuwa moja. Kama wangejifunika wao, moto ungezimika. Kama wangeufunika moto, wao wangelowa. Na Kaanaeli, aliyebeba ngozi kwa kuogopa baridi, ndiye aliyesema, "Ufunikwe moto." Akachomeka miti minne, akaitandaza ngozi juu ya moto, nao wakakaa pembeni wakilowa, wakitetemeka, wakila uji wa chungu cha Nakunda mpaka kukapambazuka.

Asubuhi wakalisukuma jiwe. Halikusikia. Wakalichokonoa kwa miti. Miti ikavunjika. Mbonea akalipiga kwa bapa la panga kwa hasira tu, na jiwe likalia kama kengele.

Nakunda alikuwa hasukumi. Alikuwa akikitazama chungu chake.

"Mwenzetu umechoka?" aliuliza Mbonea.

"Nafikiri. Nyumbani, chungu kikitoka motoni, mama hutufokea tusikiguse kwa maji baridi. Kikiguswa kinapasuka. Kila mtoto wa mfinyanzi amechapwa kwa kosa hilo. Mimi nimechapwa mara mbili."

"Sasa?"

"Sasa, kama chungu kinapasuka, jiwe je?"

Walitazamana. Kisha Mbonea akaingia msituni na panga lake. Akakata kuni, wenzake wakabeba. Akakata, wakabeba. Wakalirundikia jiwe kuni juu na kando, wakahamisha moto wao, wakauwasha. Moto ukala jiwe asubuhi nzima. Kila ulipokwisha, waliulisha. Jiwe likawa jeusi, kisha likawa la kijivu, kisha likawa halikaribiwi.

Jua lilipofika utosini Nakunda alijaza chungu maji ya chemchemi, baridi ya kuuma meno. Akakimbia, akamwaga. Jiwe likapiga kelele kama nyoka mkubwa. Akajaza, akakimbia, akamwaga. Nyusi zake zikaungua. Akajaza, akakimbia, akamwaga, na mara ya tisa mlima mzima ukasikia: paa!

Jiwe likapasuka katikati, tena katikati ya katikati. Chungu nacho kikapasuka mikononi mwa Nakunda, akabaki ameshika vipande viwili na kucheka kama mtu aliyepagawa.

Vipande vya jiwe vilikuwa vizito, na vingine vilikuwa bado na moto. Wakavitia kwenye ngozi iliyolowa ukungu, wakaikokota, mmoja mbele na wawili nyuma. Wakakokota mawe, wakakokota matope, mpaka ngozi ikatoboka. Maji yakasita mdomoni mwa mfereji kama mgeni anayepiga hodi. Kisha yakaingia.

Desturi inasema aliyefungua mfereji asiyatangulie maji. Wakashuka nayo, bega kwa bega na ncha ya maji, yakikimbia wanakimbia, yakijaza shimo wanasubiri. Waliposikika wakiimba kwenye kona ya mwisho, Mrambeni nzima ilikuwa juu ya kingo za ndiva. Wanawake wakapiga vigelegele. Watoto wakaruka nje ya bwawa. Maji yakaingia kwenye matope yaliyopasuka, na matope yakayanywa kwa sauti. Mzee Mgonja alivua kofia, akachota maji kwa viganja, akajimwagia kichwani.

"Ugali wangu uko wapi, babu?" aliuliza Nakunda.

"Upo, mwanangu. Mkubwa."

Lakini kigoda kilikuwa kimoja, na kwa desturi maji ya mfereji uliofunguliwa upya hayakuweza kwenda mashambani mpaka watu saba wawe wameketi. Mzee Mgonja akawaambia waseme, kila mmoja haki yake.

Mbonea akaonyesha viganja vyake vyekundu. "Bila panga langu hakuna kuni, na bila mikono hii hakuna moto. Moto ndio uliolila jiwe. Kigoda ni changu."

Kaanaeli akainua ngozi iliyotoboka. "Moto wako ulikufa mara mbili, dada. Uliishi chini ya ngozi yangu. Nilikuwa na haki ya kujifunika nisijifunike. Na mawe yaliondoka juu ya ngozi hii. Kigoda ni changu."

Nakunda akaweka chini vipande viwili vya chungu. "Mlikuwa na moto, mlikuwa na ngozi, na bado mlikuwa mnalisukuma jiwe. Ni mimi niliyejua. Na ni mimi niliyekimbilia joto lile mara tisa. Kigoda ni changu."

Wenye vigoda sita wakatazamana. Watatu wakasema Nakunda. Wawili wakasema Kaanaeli. Mmoja akasema Mbonea, kisha akabadili, kisha akarudia Mbonea. Mama mmoja aliyesimama na jembe kwenye ukingo akapaza sauti, "Amueni, jamani, mahindi yanasikiliza!"

Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Kigoda kilikuwa kimewekwa wazi, kimepanguswa vumbi, na kati ya wasichana wale watatu hakuna aliyekubali kurudi nyuma hata hatua moja.

Wewe uliyekaa hapo unanisikiliza, jifanye ni wewe uliyesimama ukingoni siku ile, na shamba lako linasubiri. Aliyeuzaa moto, aliyeulinda, au aliyejua la kuufanyia: je, ungemkalisha nani?