Tela Lina Miguu Yake

Mtu mmoja alikuwa na pikapu, na kwa sababu hiyo alikuwa na ndugu wengi. Jina lake Kabuje. Alikuwa mtu mwema, yaani mtu asiyeweza kusema hapana. Watu huyachanganya mambo hayo mawili.

Siku ya kupeleka mahari ya mwanawe Ambakisye, Kabuje aliazima tela la kuvutwa nyuma ya pikapu, la kumpakia fahali. Wakwe walikaa juu mlimani, na neno lao lilikuwa fupi: fahali afike kabla ya adhuhuri, la sivyo watapokea mahari ya watu wengine, maana hodi nyingine ilikwisha kupigwa.

Asubuhi ndugu wakaanza kupanda nyuma ya pikapu. Mzee Mwaisumo, mshenga, alipanda na kiti chake, kwa kuwa mshenga hakalii kiti cha kuazima. Baba mkubwa alileta gunia la viazi kuonyesha kwamba ukoo haufi njaa, kisha la pili kuonyesha kwamba la kwanza halikuwa bahati. Mashangazi walikuja na mikungu ya ndizi, na kila mmoja aliapa kuwa wake ni mwepesi. Pikapu ikachuchumaa kama kuku anayetaka kutaga.

Kabuje aliona. Macho alikuwa nayo. Tena mlangoni mwa gari palikuwa na kibao kilichosema libebe uzito gani. Lakini kumwambia mshenga ashuke siku ya mahari, afadhali umeze kiatu. Akajifariji kwa hesabu zake: hawa nimewabeba, sawa, fahali simbebi, namvuta tu. Tela lina miguu yake.

Fahali mwenyewe walimfunga ndani ya tela, mbele kabisa, akiwapulizia wazee visogoni, eti azoee ndugu.

Bondeni mambo yalikwenda vizuri, watu wakaimba. Mlima ulipoanza, tela likailalia ndoano iliyolishika nyuma ya gari, kwa uzito wa yule fahali. Mkia wa gari ukazama, pua ikainuka kutazama mawingu. Kabuje akakata kona. Usukani uligeuka, gari halikugeuka, kwani magurudumu ya mbele yalikuwa yanaigusa barabara kwa adabu tu. Likaenda taratibu, bila haraka yoyote, kuelekea korongoni. Alikanyaga breki mpaka akasimama kitini. Gari lilisimama gurudumu moja likiwa majanini.

Nyimbo zilikatika. Hakuna aliyeambiwa ashuke, na walishuka wote, mshenga akiwa wa kwanza, kiti amekisahau. Kila aliyeruka, pua ya gari ilishuka kidogo, kama mtu anayepunguza kiburi.

Walipokuwa salama wakaanza kumtafuta mkosaji. Viazi vilishtakiwa, ndizi zikatetewa. Mshenga alisema gari ni bovu. Kabuje alishikilia kwamba tela halimhusu, lilikuwa linajitembelea lenyewe. Ndipo Tupokigwe, dada yake mkubwa, alipomtazama kama mtu anayetazama ugali mbichi.

"Mdogo wangu, mlevi naye ana miguu yake. Ukimsindikiza nyumbani amekuegemea, bega linalouma ni la nani?"

Kabuje alilitazama jua, akamtazama Ambakisye, ambaye rangi ilikuwa imemtoka. Basi akasema neno ambalo hakuwahi kulisema tangu anunue gari: hapandi mtu nyuma. Magunia na ndizi vibaki kando ya barabara. Fahali asogezwe nyuma, asimame juu ya magurudumu ya tela. Mshenga alinuna. Mashangazi walimkumbusha ni akina nani waliomfuta kamasi utotoni. Kabuje aliendelea kukaza kamba.

Walifika kwa wakwe jua bado halijafika utosini: yeye, mwanawe na fahali. Mshenga alifika baadaye kwa miguu, amelowa jasho, hotuba yake tayari mdomoni, akakuta fahali amekwisha kupokewa na watu wanakula. Viazi hakuna aliyeviulizia.

Sasa na wewe uliyechuchumaa hapo ukisema unavuta tu: ni nani yuko mgongoni mwako ambaye unaona haya kumwambia ashuke, unangoja korongo ndilo limwambie?