Boriti ya Nyumba ya Wote

Wajukuu, zamani ina kina.
Semeni: tuteremshe polepole.
Haya.

Enzi za mababu wa mababu, huko Upare juu, kijiji cha Mkundwi kilikuwa na nyumba moja ya wote. Jumatatu baraza, Alhamisi zahanati, Jumapili ibada, siku nyingine shule. Ilijengwa kwa msaragambo: baragumu likilia, kila mtu huja na jiwe lake, na hakuna ujira.

Mnataka kujua mlango uliwekwa na nani? Fundi Mbonea. Nao ulikuwa mwembamba, mwembamba hata wanene waliingia kwa ubavu.

“Nyumba ya Mungu na ya sheria huingiwa kwa unyenyekevu,” alisema Mbonea. Watu wakamsifu. Mwinjilisti akalihubiri neno lile Jumapili mbili.

Lakini Mbonea akipita pale alitazama chini, maana alijua. Boriti ndefu iliyotolewa na kijiji kwa ajili ya mlango ule, alikuwa ameilaza juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Msimnyooshee kidole. Mimi niliwahi kuficha sukari ya wageni wa kanisa, na Mungu aliniona.

Basi Alhamisi moja, mvua inamwagika, wakaja mbio na machela. Juu yake Nakundwa, siku ya pili ya uchungu wa kuzaa, hawezi kuinuka. Mkunga yuko ndani na vifaa vyake. Machela ikagoma mlangoni. Wakaiinamisha huku, ikagoma. Wakaiinamisha kule, ikagoma.

“Mnanimwaga kama mahindi,” akasema Nakundwa.

“Vunjeni ukuta,” akaita mkunga.

Wanaume wakatazamana. Kilichojengwa kwa baragumu hakibomolewi bila baragumu, ndiyo desturi. Mfumwa, mtawala wao, akauliza, “Fundi, tukivunja, paa litashikwa na nini?”

Mbonea akaona mkono wa Nakundwa ukikwaruza mti wa machela.

“Boriti ipo, baba. Ipo kwangu. Niliiba. Ule unyenyekevu niliutunga.”

Mkunga akadakia: “Utatubu baadaye, mwanangu. Ilete.”

Wakakimbia, wakaing’oa, na ukuta wa mbele wa nyumba ya Mbonea ukalala chini. Wengine walishikilia paa kwa mabega, wengine wakatoa mawe, boriti ikapanda, machela ikapita. Kabla mvua haijakatika, mtoto akalia.

Asubuhi baragumu likalia. Mbonea akavaa kanzu yake safi, akatoka kwenda kuhukumiwa. Kumbe kijiji kizima kiko uani kwake, kila mtu na jiwe, mfumwa mbele.

“Fundi,” akasema mfumwa, “leo tunausimamisha ukuta wako, na wewe utabeba mawe tu. Kupima tutapima sisi.”

Basi wajukuu, dhambi ukiificha humbana hata asiyeijua.

Kisa nimekitua. Chenye faida kibebeni. Kilicholegea niachieni, nitatubu nacho.