Kwa Nini Nguzo ya Kati Hushikwa na Mgomvi

Sikilizeni, ninyi mnaochonga fito za nyumba ya bwana harusi na ninyi mnaosubiri pombe ichujwe. Kuna wakati nyumba za mlima huu hazikuwa na nguzo. Watu walichimbia fito kwa duara, wakazikunja, wakazifunga vichwa juu, wakaezeka nyasi. Nyumba ilikuwa kikapu kilichofunikwa. Upepo wa mlimani ulipokuja, kikapu kiliondoka. Watu walicheka, wakaokota nyasi zao kwenye mashamba ya wenzao, wakajenga tena. Hakuna aliyeona aibu, kwa kuwa huku juu hakuna aliyebaki na nyumba ya kumchekea mwenzake.

Mmoja tu hakucheka. Aliitwa Mhina.

Desturi ya siku zile ilikuwa hivi: mtoto hupewa jina na mwenye nyumba aliyozaliwa ndani yake. Mandia, mke wa Mhina, aliposhikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, upepo ulikuwa umeibeba nyumba yao asubuhi ile ile. Wanawake walimkimbiza kwa jirani wa karibu, Shemhilu, aliyejenga bondeni ambako upepo hufika umechoka. Akazaliwa mtoto wa kiume. Shemhilu akatoka nje, akakohoa, akampa jina la baba yake mwenyewe: Kiluwa.

Ilikuwa haki yake na hakuna aliyeweza kumlaumu. Lakini Shemhilu hakuishia hapo. Mtoto alipoanza kusema, kila asubuhi akienda shambani Shemhilu alipita uani kwa Mhina, akasimama mbele ya mtoto na kuinama.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu," mtoto alijibu, kwa kuwa alifundishwa hivyo, na kila jibu lilikuwa na ndizi mbivu yake.

Mhina akaacha kumsalimia Shemhilu. Shemhilu naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Wakawa wanapitana njiani kama mtu na kisiki. Ikiwa mmoja alikuwa na neno kwa mwenzake, alimwambia mtu wa tatu, na kama hakuna mtu wa tatu, alimwambia mbuzi. Kilichomuuma Mhina hasa hakikuwa ndizi. Baba yake, Ngoda, alikuwa amekufa, na mlima mzima haukuwa na mtu aitwaye Ngoda. Wazee walisema jina lisiloitwa humwua marehemu mara ya pili.

Mandia akapata mimba nyingine. Mhina alihesabu miezi, akaona mtoto atakuja katikati ya msimu wa upepo. Usingizi ukamkimbia.

Mwanzoni mwa msimu ule upepo ulishuka ghafla wakati Mandia anatwanga ndani. Paa likaanza kubonyea katikati. Mwanamke yule hakutoka. Aliusimamisha mchi wake juu ya kinu, akauelekeza chini ya kilele, akaukumbatia. Fito zililia, nyasi zikaruka, lakini kilele kilibaki juu mpaka upepo ulipopita. Mhina alirudi mbio akamkuta bado ameukumbatia.

"Unafanya nini, mke wangu?"

"Nimeshika nyumba," alisema Mandia. "Nitafutie mchi mrefu kuliko huu. Mimi nina mahindi ya kutwanga."

Mhina aliutazama mchi, akatazama kilele. Kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwanawe apewe jina la watu. Akachukua shoka akaingia msituni. Alitafuta mti mgumu, mnyoofu, wenye panda juu, ili kilele kikae ndani ya panda kama mtoto begani. Aliupata, akaukata, akawaita marafiki zake. Waliubeba wakiimba, na kijiji kizima kikatoka kuangalia, maana hakuna aliyewahi kuona mti ukiingizwa ndani ya nyumba.

Walichimba shimo katikati. Walisimamisha nguzo. Mandia alikuwa amewapikia vizuri na pombe ya muwa ilikuwa nyingi.

"Imenyooka?" aliuliza Mhina, huku anashindilia udongo.

"Imenyooka kama mshale!" walisema marafiki, vibuyu mikononi.

Shemhilu alikuwa anapita na mbuzi wake. Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Unaona, mbuzi?" alisema. "Imelala. Imelala upande wa kisima."

Marafiki walicheka mpaka wengine wakamwaga pombe. "Mwenye wivu ajinyonge!" mmoja alipaza sauti. Shemhilu akamvuta mbuzi wake akaenda zake.

Upepo mkubwa ulikuja asubuhi moja. Nyumba ya Mhina ilisimama kwanza, na watu wakashangilia. Kisha nguzo ikainama taratibu, ikang'oka, na paa zima likalala ubavu uani kama kifuniko cha chungu. Lilianguka upande wa kisima.

Asubuhi hiyo hiyo Mandia alishika kiuno.

"Imeanza," alisema.

Juu ya mlima wingu jeusi lilikuwa linajikusanya kwa awamu ya pili. Wanawake walimweka Mandia nyuma ya mikeka, mkunga akafika. Marafiki wa Mhina walitazamana.

"Mpelekeni kwa Shemhilu," mmoja wao alishauri. "Wingu hilo likishuka hapa, hata kuku hatabaki."

"Siendi," Mandia alisema kutoka nyuma ya mikeka. "Mwiteni Shemhilu aje huku ashike nguzo."

Mhina alidhani amesikia vibaya. "Yule? Nyumba isiposimama, mtoto anazaliwa kwake na jina ni lake! Ndiye wa kumwita aisimamishe?"

"Rafiki zako walisema imenyooka," alisema Mandia. "Iko wapi?"

Marafiki walitazama vidole vya miguu yao.

Mhina alipanda juu ya jiwe, akaelekeza uso bondeni. Jina lile lilikuwa halijapita mdomoni mwake tangu mwanawe aanze kusema, na lilitoka na kutu.

"Shemhilu eee! Njoo unishikie nguzo!"

Kisha watu wakamwona Shemhilu anapanda mlima mbio, shuka linapepea. Alipofika kwenye kona ya ua akaacha kukimbia, akaingia anatembea polepole kama mtu aliyepotea njia.

"Mwambieni mwenye nyumba atoe udongo wote shimoni," alisema.

Wakatoa. Nguzo ikasimamishwa upya. Shemhilu akaikumbatia kwa mikono yote miwili, shavu kwenye gome, jicho moja amelifumba. Mhina akamwaga udongo na kushindilia kwa nguvu zake zote. Wanawake walikuwa wanaimba ili Mandia asisikie upepo.

"Mwambieni imelala," alisema Shemhilu.

Wakafukua. Wakasimamisha. Wakashindilia. Matone ya kwanza yakaanguka, mazito.

"Mwambieni bado imelala."

Wakafukua tena. Nyuma ya mikeka Mandia alipiga kelele, na mkunga akasema kwa sauti kwamba mtoto hasubiri mafundi. Shemhilu akatikisa kichwa kwa mara nyingine. Hapo marafiki wa Mhina wakashindwa kuvumilia.

"Anachelewesha!" mmoja alifoka. "Ndugu yangu, huoni? Anataka mvua itukute hapa, mkeo akimbizwe kwake! Nguzo imenyooka, sisi tunaiona!"

Mhina alibaki na mchi wa kushindilia mkononi. Aliiangalia nguzo, akaona imenyooka. Aliangalia wingu. Akamwangalia Shemhilu: gome lilikuwa limemchubua shavu na mkono, damu inachuruzika, na bado hajalegeza.

"Shemhilu," alisema. Watu wote wakanyamaza, kwa kuwa hakumwambia mtu wa tatu. "Unanidanganya?"

Shemhilu alimtazama usoni.

"Nikikudanganya ikakuangukia ukafa," alisema, "mimi nitagombana na nani?"

Mhina akawageukia marafiki zake.

"Fukueni!"

Walifukua kwa majembe, kwa mikono, kwa vibuyu vya pombe. Shemhilu akaisukuma nguzo kwa bega, kidogo, kisha kidogo tena.

"Sasa!" alipiga kelele. "Sasa! Shindilia! Shindilia, Mhina, usilale!"

Mhina akashindilia. Wanaume wote waliinua paa, wakalibeba juu ya vichwa, wakaketisha kilele ndani ya panda. Wanawake wakamwingiza Mandia na mikeka yake. Watoto walirusha nyasi, waliokuwa juu wakazidaka, kamba zikakazwa. Kisha wingu likashuka.

Upepo uliipiga nyumba ile kama fahali anayepiga zizi. Fito zilipinda zote. Nguzo ililia. Shemhilu alikuwa bado ameikumbatia, na sasa Mhina alikuwa upande wa pili, naye ameikumbatia, vipaji vya nyuso zao karibu vigusane. Nje, mapaa ya watu yalikuwa yanapita hewani. Nguzo haikuondoka. Upepo ulizunguka, ukasukuma, ukachoka, ukashuka bondeni. Katika kimya kile akalia mtoto.

Mhina akaachia nguzo. Akatoka nje kwenye matope, akakohoa kama ilivyo desturi, na sauti yake ikafika mpaka ng'ambo.

"Nyumba ni yangu! Mtoto ni Ngoda!"

Watu walipiga vigelegele. Walirukaruka matopeni, wazee kwa vijana, na mkunga akatoka kucheza na maji ya moto bado mkononi. Shemhilu akatoka mwisho, anapangusa damu shavuni.

"Ngoda," alisema. "Jina la mtu aliyekuwa mchoyo wa ugoro." Akaondoka bila kuaga.

Hawakupatana. Wanaosimulia kwamba walipatana wanaongeza chumvi. Kesho yake Shemhilu alipita uani, akamwinamia Kiluwa, akatoa ndizi kama kawaida. Ila njia ilimchukua muda zaidi, kwa sababu alisimama mlangoni, akafumba jicho moja na kuikagua nguzo.

Na tangu siku hiyo, kila nyumba ya mlima huu ina nguzo ya kati, na nguzo hiyo haishikwi na ndugu wala rafiki. Mwenye nyumba humwita mgomvi wake mwenyewe, kwa jina, kwa sauti ambayo mlima wote utasikia. Mgomvi hakatai, wala haonji pombe mpaka paa liwe juu. Akisema imelala, watu hufukua bila kubishana. Asiye na mgomvi huazima wa jirani, na baada ya kazi humrudisha kama alivyomchukua, na ugomvi wake mzima.

Ndiyo maana bwana harusi wetu yuko juu ya jiwe pale, anaita mpaka sauti inamkauka. Shikeni majembe. Yule anakuja, anaingia uani polepole kabisa. Alikuwa anakimbia mpaka kwenye kona. Msimwambie kwamba tumemwona.