Nguruwe Aliyeingia kwa Mguu wa Mwinchande

Nianze, nisianze?

—Anza, tumeshakaa.

Masikio yapo?

—Yapo, na tumeyaosha.

Mnasema hivyo kila siku. Haya. Hapo kale, mwili wa mtu ulikuwa shamba, ngozi yake ndiyo ua, na ndani ya shamba wakikaa wanyama. Msiniulize walikaaje. Walikaa.

Shamba hilo lilikuwa la Mwinchande, mtu mkaidi kupita kiasi. Mkewe, Somoe, alimwambia, "Baba Salima, vaa viatu ukienda kupalilia mihogo." Mwinchande akajibu, "Mguu wangu huu ni gome la mti." Akaenda peku. Akakanyaga mwiba, chwi! Mwiba ukatoboa ua, na kwenye tundu lile akaingia Nguruwe mwitu, mkubwa, mchafu, ana njaa ya mwaka mzima.

Mwinchande alifanya nini? Aliufuta mguu kwa jani, akaendelea kupalilia. Sasa mtu kama huyo utamfanyaje?

Nguruwe akala nyama ya unyayoni, kwacha kwacha kwacha. Akanenepa. Kisha akasema, "Hapa hapanitoshi. Nasikia ghala liko moyoni. Nakwenda moyoni." Na kweli, angefika huko, damu ingemtembeza shamba zima, na Mwinchande angezikwa kabla mihogo yake haijakomaa.

Akatokea Sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, anayeenea kwenye kifuu cha nazi. Sange ndiye mlinzi wa kinenani, pale paja linapokutana na tumbo. Alimtazama Nguruwe, akajua kwa nguvu hamuwezi. Akamwamkia.

"Shikamoo, mkubwa. Safari ya wapi?"

"Moyoni. Nipishe."

"Mto mwekundu una kelele na walinzi wengi. Mimi nina mfereji wangu, maji meupe, kimya kabisa. Nao unaishia huko huko kifuani."

Hapo Sange hakusema uongo. Maji yanayovuja kwenye nyama za mwili hukusanywa na mfereji ule, maji yenyewe ndiyo yanaitwa limfu, nayo hurudishwa kwenye damu karibu na moyo. Ila hakusema kwamba mfereji unapita kwanza nyumbani kwake. Wala hakusema kwamba una milango, na milango yote hufunguka kwenda mbele tu.

Nguruwe akaingia. Mlango wa kwanza, pwata! Ukajifunga nyuma yake.

"Sange, hapa pana kurudi?"

"Mwenye njaa anarudi kufuata nini, mkubwa?"

Akasonga. Mlango wa pili, pwata!

"Sange, na hapa pana kurudi?"

"Mwenye njaa anarudi kufuata nini, mkubwa?"

Halafu wakakwama. Maana mfereji ule hauna moyo wa kuusukuma. Maji yake husogea mwenye mwili akitembea, misuli ya miguu ikiyaminya. Na Mwinchande alikuwa amejilaza mkekani, mguu unampwita, anadai uji. Nguruwe akachoka kungoja, akaanza kuguguna ukuta wa mfereji. Sange akamwita mwenye shamba: "Mzee, inuka. Jongea hata kidogo." Akaita mpaka sauti ikamkauka. Nani amsikie?

Aliyesaidia ni Somoe, tena kwa kuchoshwa. "Baba Salima, uji uko jikoni. Uji hauna miguu."

Mwinchande akainuka akinung'unika, akachechemea, tiki tia, tiki tia. Kila hatua maji yakasogea. Kila hatua mlango, pwata!

Mwisho Nguruwe akatumbukia nyumbani kwa Sange, kwenye tezi la kinena, nyumba ya vichochoro vyembamba. Akanasa tumbo. Sange akamng'oa unywele mmoja, akaupitisha kwa ndugu zake waliolala humo, maana kila mmoja wao anajua harufu ya adui mmoja tu.

"Unamjua?" Nusa nusa. "Simjui."

"Unamjua?" Nusa nusa. "Simjui."

"Unamjua?" Nusa nusa. "Huyu namjua. Huyu ni wangu."

Basi huyo akazaa, watoto wake wakazaa, wote wanajua harufu ile ile, wote wanasuka kamba za kumfunga Nguruwe yule yule. Wakajaa mpaka kuta za nyumba zikavimba.

Huko nje Mwinchande akajipapasa kinena, akakuta uvimbe kama kokwa la embe. "Mama Salima, njoo uone. Nimeota mtoki. Kumbe ugonjwa wenyewe ndio huu. Lete wembe niupasue."

Jamani. Mwiba bado umo unyayoni, usaha unamtoka, huko haangalii. Anataka kubomoa nyumba ya mlinzi, na Nguruwe hajafungwa hata miguu ya nyuma!

Sange alitaka kulia. "Nimemweza Nguruwe mwenye meno," alisema, "mwenye shamba ndiye ananishinda." Akawaambia ndugu zake, "Washeni moto." Wakawasha. Homa ikampanda Mwinchande, meno yakagongana, ke-ke-ke-ke, mkono ukatetemeka mpaka wembe ukamponyoka. Somoe akauokota, akautupa chooni, akamfunga mumewe shuka, akamkokota hadi zahanati. Muuguzi akautoa mwiba, akakiosha kidonda, akampa dawa, akamkanya asiuguse mtoki. Dawa ikashuka kumsaidia Sange. Nguruwe akafungwa, akaliwa mpaka kwato.

Uvimbe ukanywea. Baadaye ndugu yake Nguruwe alijaribu kuingia kwa mkwaruzo mwingine. Alinuswa pale pale uani, akakamatwa kabla hajatafuna.

Majirani wakaja kumpa pole. Mwinchande akaketi kitako, akawaeleza, "Mimi mwili wangu hauna neno. Ni mtoki tu ulitaka kuniua."

"Mtoki mbaya sana," wakasema majirani.

Sange aliyasikia yote. Sharubu zimemuungua, mgongo unamuuma, nyumba yote imejaa mifupa ya nguruwe. Akashika ufagio.

Funzo, kwa kuwa najua hamtaondoka bila funzo: ukimsikia mlinzi wako anapiga kelele mlangoni, mpige huyo mlinzi. Mwizi mwache. Mwizi ni mtu mtulivu, hasumbui usingizi wa mtu.

Mzigo nimeutua. Nani anaubeba?

—Sisi.

Haya, bebeni. Mimi nimechoka nanyi.